Neno la Kukomboa Simu

Kila asubuhi, kabla ya kujaza ndoo, Batuli hukinga maji ya kisima kiganjani, huyaonja kwa ncha ya ulimi, kisha huyatema kando ya ukuta. Amefanya hivyo tangu yuko shule ya msingi. Hamwambii mtu alichokionja. Hujisemea tu moyoni: leo yametulia, leo yamepanda.

Kisima chenyewe kiko uani, nyuma ya nyumba yao ya mawe hapa Kilwa Kivinje. Zamani maji yake yalikuwa ya kunywa. Bibi yake mzaa baba aliyanywa maisha yake yote. Siku hizi yameingia chumvi, ni ya kufulia na kuogea tu, na bahari ikijaa kupita kawaida wakati wa bamvu, hata sabuni inakataa kutoa povu.

Jumamosi ile maji yalikuwa yamepanda kuliko alivyowahi kuyaonja. Aliyatema, akatema na mate, kisha akabaki ameshika kamba ya ndoo, akimsikiliza baba yake barazani akiwaelekeza vijana mahali pa kufunga turubai. Ilikuwa siku ya dua ya kumwombea Batuli masomo. Watu wangekula pilau, sheikh angeomba, na dua ikishakwisha baba yake mdogo angechukua simu na kuthibitisha chuo atakachosoma Batuli. Ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha. Wakubwa walikuwa wameiacha mpaka siku hiyo makusudi, ili jambo lifanyike mbele ya watu, likiwa bado na joto la dua.

Na chuo walichotaka kukithibitisha sicho alichokitaka yeye.

Vyuo viwili vilikuwa vimemchagua. Cha kwanza ni chuo kikuu kikubwa cha Dar es Salaam, shahada ya udaktari. Cha pili ni chuo kidogo cha maji kule Lindi, ambacho wengi wa Kivinje walikuwa hawajawahi hata kukisikia. Aliyechaguliwa mara mbili hutumiwa namba ya siri kwenye simu, na kwa namba hiyo hushika chuo kimoja. Nafasi ya pili anapewa mwingine. Wakati wa kuomba, Batuli hakuwa na laini yake mwenyewe. Akatoa namba ya baba. Basi namba ya siri ikaja kwenye simu ya baba, na jambo lenyewe likawa la baba.

Majina yalipotoka, baba yake, Mfaume, fundi cherehani na mtu asiyependa makelele, alifunika cherehani yake mchana kweupe, akaenda msikitini, akarudi macho mekundu. Jioni mtaa mzima ulijua. Kesho yake Batuli akiwa anakwenda dukani, mama mmoja alimsimamisha njiani akapandisha gauni mpaka magotini.

"Daktari, hebu liangalie hili. Usiku linanipigia ngoma."

Batuli akaliangalia lile goti. Angefanyaje?

Kusema alijaribu. Siku ile ile ya kwanza alisimama nyuma ya kiti cha baba yake akasema, "Baba, na Lindi wamenichukua."

"Lindi watasubiri sana," Mfaume akajibu huku akicheka. Kicheko chake kilikuwa cha furaha tupu, hakikuwa na kijembe hata kidogo, na hicho ndicho kilichomfunga Batuli mdomo.

Siku ya pili alimwendea mama yake, Mwanaheri, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Mama, mimi udaktari sina moyo nao."

Mwanaheri hakuinua macho. "Moyo utakuja. Watu wanaolewa bila moyo, na ukaja." Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Mwanangu, jambo hili limeshafika msikitini. Imamu amelitaja Ijumaa. Maji tumeshayavulia nguo."

"Lakini mimi sikuulizwa."

"Nani aliulizwa? Baba yako aliulizwa kama anataka kushona?"

Batuli akachukua ungo wa pili, akaanza kuchambua naye. Hivyo ndivyo mazungumzo mengi yanavyokwisha kwake: mikono inapata kazi, mdomo unapumzika.

Vyuo vyote viwili alikuwa amevitembelea. Dar alipelekwa na baba yake mdogo, Abdulrazak, mwenye duka la vipuri vya magari huko. Alimsimamisha getini, chini ya jina la chuo, akampiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo kabla hawajapiga hatua nyingine. Waliingia kidogo, wakachungulia ukumbi mmoja. Wanafunzi walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, na mwalimu alikuwa mbali kule mbele, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, akisema kwa kipaza sauti. Wote walikuwa wakiandika. Batuli hakuona ubaya wowote pale. Aliona tu kwamba angeweza kukaa nyuma ya ukumbi ule miaka yote mitano bila kufungua mdomo, na asitokee wa kugundua. Anajijua. Darasani hanyooshi mkono mpaka aitwe jina.

Lindi alikwenda na mwalimu wake wa kemia, Mwalimu Erasmo, ambaye siku moja kidato cha tano alimwambia alete maji ya kisima cha kwao kwenye chupa ya soda. Mwalimu aliyadondoshea matone ya nitrati ya fedha, na maji yakageuka meupe, mazito, kama tui la kwanza la nazi. Batuli aliyatazama mpaka kengele ikalia, na ikalia tena. Chumvi aliyokuwa akiionja miaka yote kumbe ilikuwa na sura.

Kule chuoni Lindi waliikuta pampu imefunguliwa yote, imelazwa kwenye sakafu ya karakana, na wanafunzi wameizunguka. Mwalimu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamwonyesha kidole Batuli aliyesimama mlangoni.

"Wewe wa mwisho. Unafikiri hii imekufa kwa nini?"

Halafu akangoja. Wengine walitaka kujibu, akawazuia kwa mkono. Akaendelea kungoja, wala hakukasirika, mpaka Batuli mwenyewe akashangaa kuisikia sauti yake ikisema, "Imeliwa na chumvi."

"Njoo uone kama ni kweli," mwalimu akasema, akampa koti jeupe la maabara lililomfika magotini, na Batuli akasahau kula mchana. Alirudi nyumbani na doa la grisi kwenye pindo la baibui, na mama yake akalihangaikia kwa mafuta ya taa siku mbili.

Wiki moja kabla ya dua, Mfaume alimwita barazani.

"Simama hapa. Nyoosha mikono."

Alikuwa amekwenda Kilwa Masoko mwenyewe kuchagua kitambaa cheupe, kizito, kisichopauka. Alipima mikono, akapima kiuno, akapima mabega na kuyarudia. "Koti la daktari likibana mabegani," alisema, "mgonjwa atadhani daktari ana wasiwasi." Kisha akabana pini midomoni na kuanza kuweka alama za chaki.

Batuli alisimama amenyoosha mikono kama nguo iliyoanikwa. Maneno aliyoyataka yote yalikuwa tayari, amejifunza kuyasema tangu alfajiri. Na baba yake ana pini mdomoni, hawezi kumkatiza. Nafasi nzuri kuliko ile asingeipata tena. Alivuta pumzi.

"Mikono isiwe mirefu sana," akasema.

Mfaume akaitikia kwa kichwa.

Sasa koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa sebuleni, limefunikwa shuka. Lingefunuliwa baada ya dua, Batuli alivae, watu wamwone.

Kulipokucha kabisa, wanawake walianza kuingia uani na visu na vyungu. Wa kwanza kusikika, kama kawaida, alikuwa Skolastika.

"Hodi ya nini? Mtani hapigi hodi, anaingia kuhesabu sufuria."

Skolastika ni Mmwera wa Rutamba. Ndoa ilimleta Kivinje, mume akafa, na biashara ya mihogo ya kukaanga ikambakiza. Mfaume ni Mmatumbi, na kati ya Wamatumbi na Wamwera kuna utani wa mababu. Mtani akikutukana hukasiriki. Akija kwenye shughuli yako akachukua kitu, hicho hakijaibiwa. Kimeshikwa, na mwenyewe atakikomboa kwa kile atakachokitaka mtani. Kaka yake Batuli alipooa, Skolastika alishika viatu vya bwana harusi. Mfaume alitoa kuku, akamkataa. Akatoa kanga, akazikataa. Alichotaka ni bwana harusi aseme mbele ya watu kwamba mkewe ataendelea na kazi yake ya ualimu. Kijana akasema, viatu vikarudi. Miezi michache baadaye, alipotaka kugeuka, Mfaume ndiye aliyemkemea: neno lililokomboa kitu kwa mtani halirudi nyuma, kama mate yaliyotemwa. Na mpaka leo yule mke anafundisha.

"Mfaume," Skolastika aliita kuelekea barazani, "leo mnatulisha nini?"

"Ng'ombe," Mfaume akajibu kutoka huko, akimtania kwa ule usemi kwamba Wamwera hula panya. "Pole, mtani. Panya hatukupata."

Wanawake wakacheka. Skolastika akafunga kanga kiunoni vizuri. "Panya mwache. Panya ana akili kukuzidi. Anajichagulia shimo lake mwenyewe."

Batuli, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu, akasimamisha kisu. Hakujua kama lile lilikuwa na maana au ni utani tu wa kujibishana. Skolastika hakumtazama, alikuwa ameshaanza kumsema mwanamke mwingine kwa kukata nyama kubwa kama anauza.

Shughuli ilipopamba moto, Mwanaheri aliwaagiza wasichana wateke maji ya kisimani ya kupikia pilau, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa hayajatoka tangu juzi. Ndoo zikaanza kushuka na kupanda.

"Mama," Batuli akasema, "haya hayafai leo."

"Tutapunguza chumvi."

"Hata msipotia kabisa. Yamepanda mno. Na yakitekwa mengi kwa mpigo hivi, yanazidi." Akaona wamemtazama, na kwa kuwa lilikuwa jambo la maji, hakukumbuka kuona haya. "Maji matamu yako juu, mama, yamelala juu ya maji chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota taratibu unapata ya juu. Ukichota kwa pupa, ya chini yanakuja. Na leo bamvu limeyasukuma yakapanda. Tuwatume wakateke kile kisima cha kule juu, njia ya hospitali. Kile kiko mbali na pwani, hakijaguswa."

Mwanaheri akachovya kidole kwenye ndoo, akalamba, akakunja uso. "Haya, nendeni huko juu," akawaambia wasichana.

Skolastika alikuwa ameacha kukata nyama. "Wewe Mmatumbi mdogo. Nimekujua tangu unatambaa. Sijapata kukusikia ukisema maneno mengi namna hii."

Batuli akainama kwenye vitunguu saumu.

"Na magonjwa? Magonjwa nayo unayasimulia hivi?"

"Hapana, bibi."

"Hm," akasema Skolastika, akarudi kwenye nyama yake.

Adhuhuri ikapita. Pilau likaiva, likafunikwa. Wageni wakaanza kujaa barazani na chini ya turubai, wazee wa kofia zilizodarizwa kwa mkono, majirani, jamaa kutoka Masoko. Abdulrazak alifika na shati lililopigwa pasi mpaka mistari ikasimama, akamshika Batuli begani.

"Daktari wetu. Namba umeiona imekuja?"

"Ipo kwenye simu ya baba, baba mdogo."

"Safi. Tukisema amina tu, tunabonyeza. Saa kumi na mbili mfumo unafungwa, mimi sitaki mchezo." Akashusha sauti kwa upole. "Unajua pale dukani kwangu nimeibandika ile picha yako ya getini? Mteja akiuliza, nasema huyo ni binti yangu."

Hakuwa akimtisha. Angekuwa anamtisha, ingekuwa nafuu.

Muda mfupi kabla ya dua, Mfaume alipenyeza kichwa uani. "Batuli, simu niliiacha chumbani inachaji. Niletee."

Simu ilikuwa juu ya meza ya kando ya kitanda. Batuli aliichomoa kwenye waya. Kioo kikawaka, na ule ujumbe ukawa pale pale juu, na namba yake ya siri. Alisimama nayo katikati ya chumba. Kutoka nje alisikia watu wakisogezeana nafasi kwenye mikeka.

Angeweza kuufuta. Angeufuta, jioni ingefika, na vyuo vyote viwili vingempotea, na baba yake angeaibika mbele ya Kivinje nzima bila kujua sababu. Angeweza pia kuingia mwenyewe na kukithibitisha cha Lindi, hapo hapo, kwa kidole gumba chake. Njia alikuwa anaijua. Halafu ampelekee baba simu, akae kwenye mkeka, aombewe dua kwa jambo ambalo limeshageuzwa. Kidole kikagusa kioo. Mkono ulikuwa unatoka jasho, kioo hakikumtambua.

Alipitisha macho mlangoni mpaka sebuleni, akaliona koti ndani ya shuka lake, mabega yamesimama kama lina mtu.

Huo ungekuwa wizi, alijiambia. Wizi wa mtoto kwa baba yake.

Alitoka na simu. Ili kufika barazani ilibidi apite uani, na uani Skolastika alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mtupu umelala mbele yake, anajipepea kwa pindo la kanga. Batuli alipofika pale aliinama kana kwamba anaweka kandambili sawa. Aliiweka simu kwenye ungo. Kisha akasimama, akaenda kunawa mikono, ambayo haikuwa michafu.

Alinawa kwa muda mrefu. Alipogeuka, ungo ulikuwa mtupu, na Skolastika alikuwa akijipepea vile vile, akitazama angani kama mtu anayepima mvua.

Dua ikaanza. Batuli alikaa na wanawake mlangoni, kichwa kimefunikwa, viganja vimefunguka. Sheikh alimwombea elimu yenye manufaa, mkono mwepesi, jicho la kuona ugonjwa kabla haujajitangaza. "Amina," watu wakaitikia. Akaomba ndugu zake wapate mtu wa kukimbilia. "Amina." Kila amina ilimkalia Batuli kifuani kama tofali. Baba yake alikuwa amefumba macho.

Viganja vikapita usoni. Abdulrazak akasimama, akajifuta mikono kwa leso.

"Kaka, lete simu tumalize."

Mfaume akapapasa mfuko wa kanzu. Akapapasa wa pili. "Batuli? Simu nilikutuma."

Batuli alifungua mdomo, lakini sauti iliyojibu ilitoka nyuma yake.

"Simu imeshikwa."

Skolastika akapita katikati ya wanawake, akavuka kizingiti, akaingia upande wa wanaume bila kuomba njia, kama mtani tu anavyoweza. Akasimama katikati ya mkeka na viatu vyake. Simu ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya kanga, na ncha ameishika mkononi.

Wazee wakaanza kuguna na kucheka. Mmoja akasema, "Mfaume, umepatikana."

Mfaume mwenyewe akacheka, akatikisa kichwa. "Haya, Mmwera. Nakupa kuku."

"Kuku wako ni wembamba, wanashonewa nguo kama wewe."

"Kanga, doti nzima."

"Ninazo. Tena hii ina simu."

Kicheko kikazidi. Abdulrazak hakucheka, alitazama saa yake, akanyoosha mkono. "Mama, naomba hiyo simu. Kuna mfumo unafungwa, hili si jambo la mchezo."

"Abdu," mzee mmoja akamwambia taratibu, "Dar imekukaa mpaka umesahau? Mtani hanyang'anywi."

Mkono wa Abdulrazak ukashuka.

"Taja unachotaka," Mfaume akasema.

"Nitaje?"

"Taja, mtani, watu wana njaa."

"Nataka neno moja," akasema Skolastika. Utani ulikuwa umepungua sautini. "Si lako wewe. Wewe maneno yako tumeyasikia mwezi mzima. La mwenye masomo."

Kicheko kikafa, si kwa ghafla. Kilianzia kwa waliokaa karibu kikaenda kufia pembeni. Mfaume akamtazama Skolastika, akamtazama binti yake mlangoni, kisha akamrudia Skolastika. Batuli aliona jinsi baba yake alivyoelewa. Haikuchukua muda. Alikuwa mtu wa kupima kwa macho, na hapo alikuwa amepima kitu ambacho hakukitarajia. Mdomo wake ukasogea kama bado una pini ndani.

Angeweza kukataa. Hakuna aliyewahi kukataa, lakini angeweza, na Skolastika angerudisha simu, na utani ungekuwa umevunjika, na huyu Mfaume ndiye mtu aliyemkemea mwanawe kwa kutaka kurudisha neno la viatu.

"Muulize," akasema.

"Njoo hapa, Mmatumbi mdogo."

Batuli akavua kandambili. Alitembea mpaka katikati ya mkeka, na kila alipopita magoti yalisogezwa kumpisha. Hakujua aweke wapi mikono. Nyuma ya kichwa cha baba yake, kwenye mlango wa sebule ulioachwa wazi, shuka jeupe lilikuwa limening'inia na umbo lake.

"Usimwangalie baba yako," Skolastika akamwambia. "Niangalie mimi. Uso wangu mbaya, umeshauzoea. Nakuuliza mara moja tu, na ukishajibu nampa simu yake. Unataka kwenda kusoma wapi?"

Uani, mfuniko wa sufuria ulicheza kwa mvuke. Abdulrazak alitaka kusema jambo, na Mfaume, bila kugeuka, akamwekea mkono gotini.

Skolastika akangoja. Hakumhimiza, hakumkonyeza. Alingoja kama yule mwanamke wa miwani ya uzi alivyongoja karakanani, na Batuli akahisi ulimini ladha ile ya asubuhi, chumvi iliyopanda, ambayo alikuwa ameitema na haikutoka.

Alimwangalia Skolastika kama alivyoambiwa. Halafu akageuza uso, akamwangalia baba yake.

"Lindi," akasema. "Kwenye chuo cha maji. Koti nitalivaa, baba. Na huko wanavaa."